Mashine ya Kusimama kwa Miguu Yake

Lushoto nzima hapakuwa na mtu aliyekumbuka maneno ya watu kama Sefania, wala mtu aliyesahau ya kwake upesi kama Sefania huyo huyo. Mtajie mwaka wa Azimio la Arusha, atakuambia nani alipanda juu ya pipa pale sokoni akaapa kwamba hatavaa kiatu kilichoshonwa ng'ambo, kisha atakuonyesha kwa kidole duka la mitumba la mtu huyo. Mtajie mwaka wa foleni za sukari, atakuambia nani alipitia mlango wa nyuma na siku hiyo alivaa shati gani. Shule aliiachia darasa la nne. Elimu ya juu aliipata kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, ndiyo maana mambo mengi aliyajua mpaka pale karatasi ilipochanikia. Baada ya hapo alimalizia mwenyewe.

Hasira alikuwa nayo, na ilikuwa ya haki. Alikuwa mpasua mbao katika kiwanda cha Kwemkulo, tena msemaji wa wafanyakazi, mpaka zilipoingia siku za ruksa, za biashara huria, na kila kilichokuwa cha wote kikaambiwa kikatafute mwenyewe. Kiwanda kikafungwa. Wafanyakazi wakaitwa uani, wakahutubiwa juu ya ushindani, na badala ya kiinua mgongo wakapewa mbao zilizobaki, kila mtu abebe zake. Watu waliopasua mbao ujana wao wote wakaagwa kwa mbao. Sefania alihutubia siku ile mpaka sauti ikakauka, halafu akainama, akabeba mzigo wake kama wenzake.

Zilikuwa mbao za mkulo, mti wa misitu ya huko kwao juu, wenye harufu ya kafuri ambayo haiishi hata mbao izeeke. Wenzake waliuza. Yeye alizilaza chini ya kitanda, akaziita ushahidi. Mkewe Dorkasi aliziita kabati. Mgeni akishangaa kuona sahani zimepangwa juu ya debe, Dorkasi alimwambia kwa upole kwamba kabati lake lipo, liko chini ya kitanda, linamsubiri Baba Loveness amalize kuhutubia.

Kitanda chenyewe kilikuwa na miguu miwili mirefu na miwili mifupi, kama vitanda vyote vya mtaa wao. Nyumba zilikuwa zimeng'ang'ania ubavu wa mlima, na sakafu za udongo ziliufuata mlima kwa utiifu kuliko raia yeyote. Seremala akiitwa, alikuja na msumeno wake nyumbani kwa mtu, akaunda kitu pale pale kitakapokaa, na mwisho akakata miguu kulingana na mteremko. Meza zilikuwa hivyo, benchi hivyo, hata vigoda. Kitanda cha nyumba hii hakikuazimwa nyumba ile. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kutajwa. Ni kama kutaja kwamba mvua hunyesha kutoka juu.

Basi mwaka wa tisini na sita, Abdulaziz, kijana wa Tanga aliyekuwa na duka karibu na stendi ya mabasi ya kushuka Mombo, akaleta gemu. Lilikuwa kabati refu kuliko mtu, lenye kioo cha televisheni kifuani na mpini wa kushika tumboni, limechokea Dubai likaja kupumzika Lushoto. Ukitia sarafu, linaimba, na ndege ndogo inatokea chini ya kioo kupambana na mawe yanayoporomoka kutoka juu. Siku za soko watu wazima, na vikapu vyao mikononi, walisimama foleni kungoja kuangukiwa na mawe.

Sefania aliliona hilo kuwa tusi. Alhamisi moja akapanda juu ya kreti la soda mbele ya duka akaanza. Aliwaambia watu kwamba wanachokipangia foleni ni mbao, kioo na nyaya. Kwamba wao ni watoto wa wapasua mbao, wamezaliwa ndani ya msitu, na leo wanamlipa mgeni ili awaruhusu kusimama mbele ya sanduku. Hakutaja kwamba yeye mwenyewe alikuwa na televisheni ndogo nyumbani, ameinunua kimya kimya na kuifunika kitambaa alichofuma Dorkasi, na kwamba akiulizwa alisema ile ni redio kubwa.

Abdulaziz akatoka dukani akijifuta mikono. Akamwamkia shikamoo, kwa kuinama kabisa. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, maana mtu hawezi kuinyima shikamoo jibu lake, na hakuna moto wa maneno usiopungua ukilazimika kusema marahaba katikati yake.

"Kama ni mbao na nyaya, mzee wangu, si utengeneze yako?" Abdulaziz alisema. "Uniletee hapa niione. Mimi mfanyabiashara. Nzuri nitaisifu."

Watu wakacheka. Hawakucheka sana, ila alicheka pia mmoja wa wale waliopitia mlango wa nyuma mwaka wa sukari, na kicheko hicho Sefania hakukiweza.

"Nitaitengeneza," alisema. "Kwa mikono hii. Itacheza kama hiyo yako. Tena itasimama hapa, ubavuni mwa yako, wima, kwa miguu yake yenyewe, bila egemeo, bila kabari, bila mfadhili, kama taifa linavyotakiwa kusimama. Ikishindwa, mwaka mzima hamtanisikia mkutanoni."

Angeishia kwenye "itacheza" leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini msemaji ana ugonjwa wake: neno likishangiliwa, huliongezea miguu.

Alipofika nyumbani Dorkasi alikuwa ameshasikia. Habari mlimani hupanda haraka kuliko mtu. Akamkumbusha kwamba mwezi ule ule wangekuja watu wa mauzo ya viwanda vya umma kutoka mjini, kuitisha mkutano juu ya kiwanja cha Kwemkulo kilichopata mwekezaji. Na ndani ya kiwanja hicho ilikuwapo chemchemi, ambamo mtaa mzima ulichota maji. Tangu Pasaka Sefania alikuwa akijinoa kwa ajili ya mkutano huo. Hakuna mwingine ambaye angesimama kuuliza. Watu walikuwa wamezoea kwamba yupo.

"Umeuweka rehani mdomo," Dorkasi alisema. "Na si wako peke yako."

Kisha akainama mwenyewe, akavuta mbao moja kutoka chini ya kitanda, akaipangusa vumbi kwa upande wa kanga. Sefania akadhani amemkubalia. Kumbe alikuwa anaiaga.

Mtu ambaye hajawahi kuunda hata kigoda anapoanza na mashine, anastahili kuonewa huruma, lakini Sefania hakumpa mtu nafasi ya kumwonea. Vipimo ndivyo vilivyokuwa kazi ya kwanza. Kwenda na futi kwa Abdulaziz ingekuwa sawa na kusalimu amri, hivyo akaamua kulipima gemu kwa mwili. Alipita dukani akijifanya amechoka, akaliegemea gemu, akahesabu dhiraa kwa kiwiko. Alirudi kesho yake akalikumbatia kupata upana. Mara ya tatu Abdulaziz alimletea kiti na maji ya kunywa, akamuuliza kama presha imepanda. Vipimo alivyorudi navyo vilikuwa sahihi isipokuwa kwamba alipima akiwa amevaa koti la baridi, na alipokuja kukata mbao alikuwa amelivua.

Vifaa aliazimwa na Fanueli, kaka yake Dorkasi, seremala wa usharika aliyeunda mimbari, madawati ya kanisa na majeneza. Fanueli alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo Sefania alimwona hana msimamo. Alimpa shemeji yake msumeno, randa, patasi na pimamaji, akamwonyesha namna ya kuushika msumeno, akaona unavyoshikwa, akaomba ruhusa ya kwenda kukaa mbali kidogo.

Mkulo ni mti mgumu na una kiburi. Unga wake unapaa puani mtu akapiga chafya mpaka anakosa mstari. Sefania alikuwa ameupasua miaka mingi, lakini kule kiwandani kulikuwa na mashine na mtu wa kupima, na yeye kazi yake kubwa, tukisema kweli, ilikuwa kuzungumza na wapasuaji wakati wa mapumziko. Ubavu wa kwanza ulitoka mfupi. Wa pili ulitoka mzuri, lakini wa upande ule ule wa kwanza. Kila mbao iliyoharibika Dorkasi aliiokota, akaiweka kando na zenzake, na utaratibu huo ulimuuma Sefania kuliko kidole alichokigonga kwa nyundo.

Ya tumboni ndiyo yalikuwa makubwa zaidi. Kioo kilitoka kwenye ile redio kubwa. Lakini chombo chenyewe cha gemu, kijisanduku cha plastiki kinachochomekwa kwenye televisheni, hakikuota kwenye mlima wowote wa Usambara. Kiliuzwa mahali pamoja tu, dukani kwa Abdulaziz, na Sefania alikwenda kukinunua akiwa amevuta kofia mpaka machoni. Abdulaziz alimfungia kwenye gazeti, akamtakia kazi njema. Baadaye Fanueli alipouliza inakuwaje mashine ya mikono yetu ina utumbo wa Dubai, Sefania alimjibu kwamba hata binadamu roho hakujiumbia mwenyewe. Fanueli, mzee wa kanisa, akasema amina, na Sefania akaona ameshinda.

Mpini alitumia wa mwiko, akauchomoa kwenye mwiko ule ambao Dorkasi aliupenda. Vitufe vilikuwa vizibo vya soda, chini yake ameweka springi alizozing'oa kwenye kalamu. Nyaya aliziunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa, akiipaka kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Siku alipochomeka umeme mara ya kwanza, akausukuma mpini juu, ndege ikashuka. Akausukuma kushoto, ikaenda kulia. Akabonyeza kizibo cha kupiga, televisheni ikazima.

Sefania alisema huo ni mfumo, utazoeleka. Alisema mambo yote mapya huanza kinyume, akatoa mifano ya kihistoria. Dorkasi aliyekuwa anachambua maharage aliweka ungo chini, akaja akausukuma mpini huku na huku, akaangalia nyuma, akauliza kwa nini ule waya mwekundu umekwenda kwa jirani na si kwake. Wakaubadilisha. Ndege ikapanda ilipoambiwa ipande. Dorkasi aliendelea kujaribu, kwa ajili ya uhakika, mpaka maharage yakangoja, jua likahama uani, na mumewe akalazimika kuomba zamu kwenye mashine yake mwenyewe.

Ikabaki kusimamisha. Mashine ilikuwa barazani, na baraza lilifuata mlima kama ilivyotakiwa. Sefania akaweka pimamaji juu ya kabati; tone la hewa likakimbilia upande wa juu, kama tajiri. Hilo alilijua dawa yake tangu utotoni. Akapiga mstari, akakata miguu ya upande wa mlimani, akajaribu, akakata tena kidogo, mpaka tone likatulia katikati kabisa. Ilikuwa kazi safi. Pengine ndiyo kazi safi pekee aliyowahi kuifanya kwa mikono, na alimwita Fanueli aje aione.

Fanueli akaizunguka mashine. Akagonga ubavu, akanusa mkulo, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akauliza, "Shemeji, hii utaiweka wapi?"

Ni swali fupi, na lilikuwa limebeba kila kitu. Fanueli alikuwa anaunda vitu vyake kwenye sakafu ya saruji ya kanisa, alijua tofauti. Lakini Sefania hakuwahi kuulizwa swali akaliona ni swali. Aliliona ni jukwaa. Akajibu kwamba ataiweka mbele ya macho ya wote waliosema Mwafrika hawezi. Ataiweka kwenye historia. Fanueli akangoja, akauliza tena, taratibu, kwamba yeye anaulizia hasa sakafu. Sefania akasema sakafu ni watu, wananchi wenyewe ndio sakafu. Fanueli akachukua randa yake na patasi, akaaga.

Alhamisi ikafika. Mashine ilivingirishwa shuka, ikafungwa kwenye miti miwili kama mgonjwa anavyobebwa kwenye machela, na wanaume wanne wa mtaa wakaiteremsha kwa njia ya miguu, Sefania akiwa mbele ameshika kofia. Waliopishana nao walisimama kando, wakainamisha vichwa. Kitu kirefu kimefunikwa shuka, kinanukia mkulo, ambao ndio mti wa jeneza la mtu mwenye uwezo. Mtu angefikiri nini? Bibi mmoja aliyetoka shambani na mzigo wa kabichi akawapa pole, akauliza ni nani. Sefania akamwambia hakuna aliyekufa, ni maendeleo. Bibi akasema poleni hata hivyo.

Stendi ilikuwa imejaa. Abdulaziz alikuwa amefagia baraza la duka lake, saruji laini iliyosawazishwa na fundi wa Tanga, akaacha nafasi ubavuni mwa gemu lake, na soketi ya umeme ameiandaa. Wanaume wanne wakaishusha mashine, wakafungua shuka, wakaachia mikono.

Mashine ikainama.

Haikuanguka. Ingeanguka ingekuwa nafuu, mtu angesema imejikwaa. Iliinama tu upande wa kushoto, ikatulia hapo, kama mlevi aliyeegemea upepo, miguu mitatu chini na mmoja hewani. Ubavuni mwake gemu la Dubai lilisimama wima kama askari. Watu wakaangalia hii, wakaangalia na ile. Sefania aliitazama miguu aliyoikata kwa uangalifu mkubwa kiasi kile, na kwa mara ya kwanza akalisikia swali la Fanueli.

Fanueli mwenyewe alikuwapo, amesimama nyuma. Hakutabasamu.

Umeme ukachomekwa. Na kucheza, mashine ilicheza. Ikaimba, ndege ikatokea, mawe yakaporomoka. Aliyetaka kucheza ilimbidi alaze shingo begani. Mpini wa mwiko, kwa uzito wake mwenyewe, ulilalia upande ule mashine ilikoinamia, hivyo ndege haikukoma kwenda kushoto, kila mara kushoto, na mtu mmoja aliyemjua Sefania tangu zamani akasema hilo angalau halimshangazi. Vicheko vikalipuka hapo. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini juu ya vikapu vya watu.

Abdulaziz hakucheka. Akaokota kijiwe bapa karibu na mtaro, akamsogelea.

"Mzee, tia hiki chini ya mguu. Kitu kidogo tu. Mashine nzuri, wallahi."

Na kweli ilikuwa kitu kidogo. Kijiwe kile kingetosha kabisa. Sefania alikipokea, akakigeuza mkononi, na watu wakasogea kumwangalia. Sauti moja ikatoka nyuma, ya yule wa mlango wa nyuma: "Mfadhili amekuja."

Hakukuwa na haja ya kumkumbusha. Mtu huyu aliyekusanya ahadi zilizovunjwa za Lushoto nzima, akazihifadhi kila moja na tarehe yake na shati lake, alikuwa amesema bila kabari, bila mfadhili. Alilisema mwenyewe, kwa kupenda utamu wake. Akakirudisha kijiwe.

"Nilisema kwa miguu yake," alisema. "Zimeni."

Yakawa hayo ya mwisho kuyasema hadharani mwaka ule. Mashine ikapanda mlima kama ilivyoshuka, imefunikwa shuka, na safari hii waliotoa pole hawakukosea.

Mkutano wa Kwemkulo ulifanyika uani mwa kiwanda, chini ya bati la zamani la kukaushia mbao. Mtaa wote ulihudhuria. Kabla haujaanza Abdulaziz alimfuata Sefania, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba hata yeye amepanga nyumba ya mtaa ule, hata mkewe anachota pale pale, na kwamba yeye kwa upande wake dau ameliondoa. "Sema, mzee wangu. Mimi nimesahau."

"Wewe unaweza kusahau," Sefania alimjibu. "Mimi je, nitajikumbuka vipi?"

Akaenda kukaa mstari wa mbele, mahali pake pa siku zote, akaikunja mikono kifuani. Hotuba ilikuwa yote kifuani. Ilianzia Azimio, ikapita kwenye vijiji, kwenye vita, kwenye sukari, ikaja kwenye ruksa, na baada ya hapo, kama watu wangekuwa bado wamekaa, ikaja kwenye chemchemi. Aliisikia inavyomsukuma mbavu. Alimwona Dorkasi upande wa wanawake, ndoo tupu miguuni mwake, hamtazami, akajua kwamba kama maji yale yangepotea, yangepotea kwa ajili ya kabari moja na maneno matatu ya ziada.

Bwana aliyetoka mjini alikuwa na ramani aliyoitundika ukutani. Alieleza juu ya ajira, juu ya uzio, juu ya zama mpya. Akauliza kama kuna maswali. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Sefania, maana alikuwa ameshaonywa: kuna mzee mmoja, atasimama, atasema muda mrefu, mwache aseme, mwishoni mwambie muda umekwisha. Majibu yake yote alikuwa ameyapanga kwa ajili ya mtu huyo.

Sefania akamwangalia, asiseme kitu.

Bwana yule akarudia kuuliza. Watu wote wakageuka kumtazama Sefania, kwa mazoea, na Sefania, jasho likimtoka, akazidi kukaza midomo. Kwa aliyekuwa mbele ilionekana kama dharau ya mtu anayejua kitu. Bwana akapangusa miwani. Akasema anafahamu kwamba baadhi ya wazee wanaweza kuwa na wasiwasi juu ya mipaka. Kimya. Akasema mipaka imepimwa kitaalamu. Kimya. Sefania akapumua kwa pua, kwa sababu ya hotuba iliyomkaba, na bwana yule akaruka kidogo.

"Na kama mzee pale ana wazo juu ya chemchemi," alisema, "ni kweli ramani inaonyesha uzio unapita juu yake, lakini hilo ni jambo linaloweza kurekebishwa."

Hakuna mtu mle uani aliyekuwa akijua ramani inaonyesha nini. Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mahindi. Sefania alitaka kusimama. Alihisi magoti yanasimama bila yeye. Akayashika kwa mikono yake yote miwili.

Aliyesimama ni Dorkasi. Yeye hakuwa ameahidi kitu kwa mtu yeyote.

"Shikamoo, baba," alimwambia yule bwana, ambaye kwa umri yeye Dorkasi angeweza kuwa mama yake, na bwana akachanganyikiwa asijue aitikie nini. "Linarekebishwa leo, au tukishaondoka?"

Ndoo zikagongwa, upande wote wa wanawake. Bwana akamtazama tena Sefania, pengine akitafuta huruma, akakutana na jicho lile lile lililokodoka la mtu anayejizuia. Akatoa kalamu. Akauchora mstari upya, mbele ya watu, chini ya chemchemi, ikabaki nje ya uzio. Uzio ulipokuja kujengwa ulipita pale kalamu ilipopita, ukiondoa hatua chache za wizi, ambazo Sefania anazikumbuka hadi leo na atakuonyesha ukitaka.

Mkutano ukafungwa mapema kuliko mkutano wowote uliowahi kufanyika Kwemkulo. Watu walimpongeza Dorkasi. Wakampongeza na Sefania pia, wakamshika mkono kwa nguvu, na mmoja wao, mtu mwema asiye na hila, akamwambia kwa moyo safi: "Mzee, ungekuwa unanyamaza hivi tangu zamani tungekuwa mbali."

Sefania aliibeba sentensi hiyo mpaka nyumbani, na ilikuwa nzito kuliko mbao.

Mashine ilikuwa barazani, imesimama wima kabisa, tone la hewa katikati, kana kwamba haijawahi kumwaibisha mtu. Dorkasi alikuwa ameshaifanyia mageuzi. Zile mbao zilizokatwa vibaya, fupi na za upande mmoja, kumbe zilikuwa na urefu wa rafu. Fanueli alizipigilia ndani ya sehemu ya chini siku Sefania alipokuwa kitandani na aibu yake, na sahani zote zilikuwa zimetoka juu ya debe zikapangwa humo, zinanukia kafuri. Juu, ndege ilikuwa inapambana na mawe. Dorkasi alikuwa ameketi kwenye kigoda chenye mguu mfupi, mpini wa mwiko mkononi, kanga ameifunga kiunoni.

Sefania akasimama nyuma yake. Akakohoa. Akaangalia pembeni.

"Sema basi, Baba Loveness," Dorkasi alisema bila kugeuka. "Hapa si mkutanoni."

Sefania akavuta kreti la soda, akakaa, akashusha pumzi ndefu, akaanzia mwaka wa Azimio. Dorkasi akasogeza ndege kidogo kulia, jiwe likapita.